Sungura Anahema: Ni Joto au Anaumwa?

Kaskazi ikishaingia, kuanzia Novemba mpaka Machi, sungura wote wa pwani ya kusini mwa Tanzania wanahema. Wa Mikindani anahema, wa Lindi mjini anahema, wa Kilwa Masoko naye hivyo hivyo. Mazoea hayo ndiyo yanayoua. Mwenye nyumba aliyezoea kuona mbavu zinakwenda mbio kila mchana humtazama sungura mwenye nimonia akasema "ni joto tu", na asubuhi humkuta amekakamaa. Sungura ni mnyama wa kuwindwa. Akiumwa hujikaza, hukaa kama mzima, hata husogelea chakula wenzake wakisogelea. Pumzi ni miongoni mwa vitu vichache asivyoweza kuvificha, ila lazima ujue unatazama nini.

Pumzi ya sungura aliyetulia

Sungura mkubwa, mzima, aliyetulia kivulini hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika. Akiwa usingizini anaweza kushuka kidogo chini ya hapo. Sungura wadogo wa umri na wa aina ndogo huwa upande wa juu, na vichanga vilivyo kiotani hupumua haraka zaidi, kwa hiyo usivipime kwa kipimo cha mama yao. Jike aliyekaribia kuzaa (mimba ni siku 30 hadi 32) naye huongeza kasi kidogo siku za mwisho, maana tumbo limejaa na kifua kimepungukiwa nafasi.

Zaidi ya namba, tazama jinsi pumzi inavyokwenda. Pumzi nzuri haina sauti. Ubavu unainuka na kushuka kwa ulaini, kwa mwendo ule ule, mdomo umefumba, kichwa kimetulia. Ukimtazama kwa mbali unaweza usione kitu chochote kinachosogea isipokuwa manyoya ya ubavuni.

Wengi huhesabu pua, na hapo hesabu yote inaharibika. Kuchezacheza kwa pua ni kunusa. Sungura aliyeshtuka au aliyesikia harufu ya majani ya viazi vitamu huweza kuichezesha pua zaidi ya mara 100 kwa dakika, na akisinzia pua husimama kabisa ilhali anapumua vizuri. Pua iliyosimama si ugonjwa, na pua inayocheza si kuhema. Hesabu ubavu.

Yako mambo mengine yanayotisha bure. Kwikwi ipo kwa sungura: mwili unaruka kidogo kwa mpigo sawasawa, kisha inakoma yenyewe. Dume anayemtaka jike huzunguka akitoa mngurumo mdogo wa puani. Chafya moja au mbili akiwa ameingiza pua kwenye pumba si tatizo. Na sungura aliyetoka kukimbia uani atahema kwa nguvu, lakini akitulia kivulini dakika kumi zinatosha kumrudisha.

Namna ya kuhesabu

Anza leo, akiwa mzima. Namba ya siku ya ugonjwa haina maana kubwa bila namba ya siku za afya ya kuilinganisha nayo.

Hesabu mara mbili kwa siku: saa kumi na mbili au saa moja asubuhi kabla jua halijachoma, na saa nane mchana. Kaa hatua mbili tatu kutoka kwenye banda na usimguse. Subiri dakika tano akuzoee, maana hofu peke yake inapandisha pumzi kupita 60. Sungura uliyemshika mkononi hahesabiki.

Tazama nyuma ya ubavu wa mwisho, kwenye ile sehemu laini kabla ya paja. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30 ukitumia saa ya simu, kisha zidisha kwa mbili: ukipata 22, ni 44 kwa dakika. Usifanye mkato wa sekunde 10 ukazidisha kwa sita, kwa sababu ukikosea pumzi mbili tu umeongeza au umepunguza 12. Rudia mara tatu, uchukue namba ya katikati. Kama manyoya ni mengi na huoni vizuri, piga video ya nusu dakika ubavu ukiwa unaelekea dirishani, halafu uitazame taratibu.

Fanya hivyo siku tatu na uandike namba kwa chaki kwenye mlango wa banda au kwenye kalenda. Utakuwa na namba mbili: ya asubuhi na ya mchana. Ya asubuhi ndiyo msingi wa kila kitu kinachofuata. Ya mchana itakufundisha jinsi joto linavyomfanya sungura wako: mwezi wa Februari pwani inaweza kupita 60 hata kwa mzima, na sungura wa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, atakuwa na namba tofauti na ndugu yake aliyeuzwa Mtwara mjini.

Kwa nini anazidiwa upesi

Sungura hupumua kwa pua tu. Mlango wa njia yake ya hewa umepanda juu kooni ukakaa nyuma ya tundu za pua, ndiyo maana anaweza kutafuna na kupumua kwa wakati mmoja bila kupaliwa. Faida hiyo ina gharama yake: pua ikiziba, hana pa kukimbilia. Mbwa akiachama anajipoza. Sungura akiachama ameishiwa njia, na hali hiyo usiisubiri mpaka kesho kwa sababu yoyote ile.

Kifua chake ni kidogo mno ukilinganisha na tumbo. Kazi kubwa ya kupumua inafanywa na kiwambo, ule msuli unaotenganisha mapafu na tumbo. Tumbo likijaa gesi linasukuma kiwambo mbele na mapafu hayapati nafasi ya kujaa. Kwa sababu hiyo hiyo, mtoto anayemkumbatia sungura kwa kumbana kifuani anaweza kumkosesha hewa bila kujua. Mshike kwa mkono mmoja chini ya kifua bila kukaza, na mwingine ubebe makalio. Kumlaza chali ili "atulie" ni hatari kwa sungura anayehema, kwa sababu uzito wote wa matumbo unalalia kiwambo.

Kisha hana jasho la kumsaidia. Hupoza mwili kwa masikio, yaliyojaa mishipa ya damu, na kwa hewa inayopita puani. Joto analolipenda ni nyuzi 15 hadi 21, na kuanzia nyuzi 28 anaanza kutaabika. Mchana wa kaskazi Mtwara ni nyuzi 30 na zaidi, na hewa imejaa unyevu wa bahari, kwa hiyo masikio hayana pa kutolea joto na mvuke wa puani haukauki. Sungura wa pwani anaishi nje ya kiwango chake kwa miezi mingi ya mwaka. Ukilielewa hilo, hutashangaa kwamba ugonjwa mdogo wa pua, ambao kwenye baridi angeuvumilia, huku unamwangusha.

Jaribio la nusu saa

Umemkuta anahema na hujui ni joto au la. Kama mdomo umefumba, ufizi una rangi yake na bado anaitikia, fanya jaribio hili. Kama mdomo uko wazi, ufizi umegeuka rangi au amelala ubavu hajiwezi, lipite: anza kumpoza ukiwa tayari njiani kwenda kwa daktari wa mifugo.

Hesabu kwanza, andika namba na saa. Mhamishie mahali pa baridi kuliko pote nyumbani, kwa kawaida sakafu ya saruji kwenye chumba chenye upepo unaopita. Feni iwe pembeni, isimpige usoni. Chovya vidole kwenye maji ya mtungi, ulowanishe upande wa nje wa masikio yote mawili kila baada ya dakika tano, bila maji kuingia tunduni. Maji ya mtungi ndiyo yenyewe hasa: yana ubaridi lakini si barafu. Weka bakuli la maji mbele yake, usimlazimishe kunywa. Kama una chupa ya maji iliyogandishwa, izungushie kanga uilaze karibu naye, aweze kuisogelea au kuikimbia. Kisha mwache, maana kumpapasa kila dakika kunampandisha pumzi. Hesabu tena dakika ya 15 na dakika ya 30.

Tuseme ulianza na 110, dakika ya 15 ukapata 80, dakika ya 30 ukapata 58, na sasa anageuza masikio, anakunywa, anatafuta jani. Hilo lilikuwa joto. Kazi yako inayobaki ni kurekebisha banda.

Ulianza na 110 na baada ya nusu saa bado ni 104? Joto si chanzo, au si chanzo peke yake. Mtafutie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Matokeo ya tatu yanawadanganya watu wengi. Namba imeshuka kutoka 110 hadi 30, mwenye nyumba anafurahi, kumbe sungura amelegea, masikio yamekuwa ya baridi, na kila pumzi ni ndefu ya kuvutwa kwa shida. Huyo hajapoa, anaisha. Pumzi inayoshuka ni habari njema pale tu inaposhuka pamoja na uchangamfu.

Kuna vipimo viwili vingine visivyo na gharama. Cha kwanza ni kuhesabu saa kumi na moja alfajiri. Usiku joto hupungua hata mwezi wa Januari, kwa hiyo sungura anayehema alfajiri hana kisingizio cha jua. Tunakiamini kipimo hiki kuliko vyote. Cha pili ni majirani zake: kama wanne wako kwenye banda moja, watatu wanapumua mara 60 na mmoja mara 100, joto la banda ni lile lile kwa wote, na huyo mmoja ana jambo lake.

Joto likishampiga

Sungura aliyepigwa na joto hulala amejinyoosha, masikio ni ya moto na yamewiva, pembeni mwa mdomo na puani pamelowa, na ukimwita haitikii. Akijaribu kusimama anayumba. Lowanisha masikio na nyayo, weka kitambaa chenye maji ya mtungi chini ya tumbo, na pepea. Kitambaa kibadilishwe kila dakika mbili tatu, kwa sababu kikiachwa juu ya mwili kinashika joto na kugeuka blanketi.

Usimtumbukize kwenye ndoo na usimwekee barafu moja kwa moja. Baridi ya ghafla hubana mishipa ya damu ya ngozini, joto linafungiwa ndani, na mshtuko wenyewe unaweza kusimamisha moyo. Usimmiminie maji mdomoni pia. Anayehema hawezi kumeza vizuri, na maji yataingia mapafuni.

Kama una kipimajoto na umefundishwa kukitumia njia ya haja kubwa, joto la kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 40. Kupita 40.5 ni hatari. Acha kumpoza likifika 39.5, vinginevyo litaendelea kushuka mpaka apate baridi. Sungura aliye chini ya nyuzi 38 amezidiwa zaidi kuliko wengi wanavyofikiri.

Akiinuka, usimrudishe bandani ukasahau. Angalia mavi na kula kwake kwa siku mbili, kwani mshtuko wa joto mara nyingi husimamisha utumbo.

Dalili zinazozidi namba

Sungura anaweza kupumua mara 55 kwa dakika na akawa mahututi, kama kila moja ya hizo 55 anaivuta kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo tazama jitihada.

Tundu za pua zinapanuka sana kwa kila pumzi. Kichwa kinanyanyuka na kushuka pamoja na pumzi. Ameinua pua juu, amenyoosha shingo, viwiko vya mbele amevitanua na hataki kulala, kwa sababu akilala anakosa hewa. Kifua na tumbo vinapishana: kifua kinaingia ndani wakati tumbo linatoka nje. Mwili mzima unatikisika. Moja tu ya hizi kwa sungura aliyetulia kivulini inatosha kukutoa nyumbani usiku.

Rangi nayo inasema. Inua mdomo wa juu kidogo, kama anaruhusu, utazame ufizi. Waridi ni sawa. Weupe ni upungufu wa damu au mshtuko. Rangi ya majivu au ya buluu ni ukosefu wa hewa. Kama anapambana, acha, usimwue kwa kumkagua.

Sikiliza. Weka sikio lako ubavuni, nyumba ikiwa kimya. Mapafu mazima yanavuma kidogo sana, karibu husikii. Mlio wa kama kukanyaga majani makavu unaashiria majimaji au usaha mapafuni. Filimbi nyembamba ni njia zilizobana. Kukoroma kunakosikika bila hata kuinama mara nyingi kunatoka puani, si mapafuni, na hiyo ni afadhali kidogo.

Kujua kama pua moja imeziba, watu huambiwa waweke kioo waone mvuke. Kwenye joto la pwani kioo chenyewe kina joto na mvuke haushiki. Tumia uzi wa pamba: chambua unyuzi mmoja mwembamba, ushike mbele ya tundu moja, kisha la pili. Unapaswa kuyumba sawasawa kote kuwili.

Mafua, na mkojo unaoyaleta

Sababu ya kawaida isiyo joto ni mafua ya sungura, na bakteria anayesumbua zaidi anaitwa Pasteurella multocida. Sungura wengi wanaishi naye puani bila kuumwa. Anapata nguvu pale utando wa pua unapoharibika, na kinachouharibu zaidi mabandani ni hewa kali ya amonia itokayo kwenye mkojo.

Dalili huanza kwa chafya za mfululizo, kisha kamasi jepesi, kisha jeupe zito. Sungura ni msafi, anafuta pua kwa mikono, kwa hiyo unaweza ukaikuta pua kavu kabisa. Geuza miguu ya mbele utazame upande wa ndani: manyoya yaliyogandana na kukakamaa yanakuambia alichokuwa anakifuta usiku kucha. Bila tiba, ugonjwa hushuka mapafuni au hupanda masikioni akapinda shingo.

Kagua banda kwa pua yako, lakini si ukiwa umesimama. Inama mpaka kichwa chako kiwe pale anapolala sungura, saa kumi na mbili asubuhi kabla hujasafisha. Ukisikia ukali wa mkojo hata kidogo, umeshapita kiasi. Trei ya mkojo imwagwe kila siku. Ule ukoko mweupe unaoganda ni kalsiamu ya mkojo wa sungura. Mwagia siki, subiri robo saa, usugue. Usinyunyize chokaa kavu ndani ya banda lenye sungura, maana vumbi lake linachoma njia ya hewa kuliko ule mkojo.

Mgonjwa atengwe, alishwe wa mwisho baada ya wazima, nawe unawe mikono kwa sabuni. Mgeni aliyenunuliwa mnadani au kwa jirani akae peke yake wiki nne. Na usifuge sungura na simbilisi kwenye banda moja: simbilisi huugua vibaya kwa bakteria ambao sungura anawabeba bila dalili.

Pumzi inapoharibiwa na kitu kisicho cha kifua

Maumivu yanahemesha. Sungura aliyejikunyata, macho nusu, anasaga meno kwa sauti, hajala na hajatoa mavi kwa saa 12, shida yake ni utumbo uliosimama. Hiyo ni dharura hata kama pua ni safi. Tumbo likiwa gumu limevimba kama ngoma na pumzi ni fupi fupi, usipoteze hata saa moja.

Mizizi ya meno ya juu iko jirani na njia ya pua. Ikirefuka au ikitunga usaha, upande mmoja wa pua huziba, na jicho la upande huo hutoa machozi. Chafya zisizoisha na jicho moja bovu: mwambie daktari atazame meno. Sungura anayekula pumba tu bila majani na nyasi za kutosha ndiye anayefika huko.

Jike mnene mwenye mimba iliyokaribia kuzaa, aliyeacha kula ghafla na kuhema, anaweza kuwa na sumu ya mimba. Na majike wasiozaa tena, wa miaka minne na kuendelea, hupata sana saratani ya mfuko wa uzazi, ambayo hupeleka mbegu zake mapafuni. Dalili ya kwanza inayoonekana mara nyingi ni damu kwenye mkojo, miezi mingi kabla ya pumzi kubadilika.

Salfa, korosho na moshi

Hili ni la kwetu hasa, na halipati uzito unaostahili. Kuanzia mwezi wa Juni hivi, mikorosho inapulizwa salfa ya unga dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, nayo hupulizwa alfajiri, wakati hewa imetulia na umande ungali majanini. Hewa hiyo hiyo tulivu ndiyo inayolaza vumbi la salfa kwenye mabanda. Salfa inawasha macho na njia ya hewa. Ukiona sungura watatu wanapiga chafya na kutoa machozi asubuhi moja, waulize majirani kabla hujanunua dawa.

Siku ya kupuliza, waingize ndani tangu usiku au funika banda kwa turubai upande unaoelekea shamba, ukiacha upande wa pili wazi. Usiwakatie majani yaliyo chini ya mikorosho iliyopulizwa. Kata mbali, uyaoshe, uyakung'ute maji. Maji ya kunywa na chakula vibadilishwe vyote.

Moshi wa maganda ya korosho ni mkali kwa sababu ya mafuta yaliyomo ndani ya ganda, yale yale yanayobabua vidole vya wabanguaji. Mahali pa kukaangia korosho na banda la sungura visiwe uwanja mmoja. Jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma na ile ya kupuliza navyo vikae mbali. Chini ya sungura weka nyasi kavu badala ya unga wa mbao, na zikinuka uvundo wa ukungu zitupe zote. Pumba ikiwa ya vumbi, inyunyizie maji kidogo ikamatane, na uiondoe baada ya saa mbili, kwani kwenye joto letu huchacha upesi.

Banda lenyewe: chini ya mwembe au mkorosho usiopulizwa, paa la makuti likishinda bati. Kama ni bati, weka makuti juu yake na uache nafasi ya hewa katikati. Wavu uwe pande mbili zinazotazamana ili upepo upite, na upande wa magharibi uzibwe, maana jua la saa tisa ndilo linaloua. Sungura wa kilo mbili hunywa mililita 100 hadi 300 kwa siku, na kwenye joto zaidi. Bakuli likae kivulini, maana wengi hawayagusi maji yaliyopata moto.

Usimpe, na umpelekeje

Amoksilini, ampisilini, penisilini au klindamaisini kwa mdomo zinaua sungura. Zinafagia bakteria wazuri wa utumbo, wabaya wanazaana na kutoa sumu, na mnyama anakufa kwa kuhara siku chache baadaye, pua ikiwa imeshapona. Vidonge vilivyobaki vya mtoto nyumbani ni hivyo hivyo. Zipo antibiotiki zinazomfaa, lakini kipimo hutolewa na daktari wa mifugo baada ya kumpima uzito.

Usimfukize. Nyungu ya mwarobaini au mkaratusi inamwongezea joto na kumwasha pua, na dawa za kuchua zenye menthol ni vivyo hivyo. Unachoweza kufanya ni kusafisha pua kwa nje: chemsha nusu lita ya maji, tia robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi, yakipoa futa kamasi kwa pamba. Kumlisha kwa bomba la sindano wakati anahema ni kumpelekea chakula mapafuni. Subiri pumzi itulie.

Safari iwe alfajiri au jioni, kwa tenga au kikapu chenye matundu, chini kumetandikwa kitambaa chenye unyevu. Kiroba na boksi lililofungwa havifai, hata kama ni mwendo mfupi wa bodaboda. Mkalishe kwa miguu yake, kifua kikiwa juu kidogo kwa taulo lililokunjwa, wala usimlaze ubavu.

Maofisa mifugo wengi wanashughulika na ng'ombe, mbuzi na kuku kuliko sungura, kwa hiyo msaidie kwa taarifa kamili kabla hujafika. Ujumbe kama huu unatosha:

"Shikamoo daktari. Nina sungura jike, miaka miwili, kilo mbili na nusu. Tangu jana jioni anapumua mara 96 kwa dakika akiwa kivulini, kawaida yake ya asubuhi ni 44. Nimempoza nusu saa, imebaki 92. Mdomo umefumba, kamasi nyeupe pua zote mbili, amekula kidogo, mavi yamepungua. Hajapewa dawa yoyote. Video ninayo. Nimlete saa ngapi?"

Akianza dawa, endelea kuhesabu kila alfajiri na uandike pembeni mwa namba za zamani. Dawa ya mapafu hukamilishwa siku zote zilizoandikwa, hata kama siku ya nne anarukaruka. Namba ikikaa juu baada ya siku tatu za dawa, mrudie daktari na karatasi yako.

Akifa na unao wengine, usimzike kwanza. Mfunge kwenye mfuko wa plastiki, umweke kwenye ndoo yenye barafu bila kumgandisha, umpeleke siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Mtwara, na mapafu yaliyopasuliwa mapema yanaweza kuonyesha kilichomuua, ili waliobaki bandani watibiwe kwa kitu kinachojulikana.